Kutua Kwenye Uwanja Mdogo: Maswali ya Marubani Binafsi

Maswali niliyoletewa mara hii karibu yote yametoka kwa watu wenye leseni ya rubani binafsi ambao wamechoka kuzunguka juu ya uwanja uleule waliojifunzia. Wanataka kwenda Mafia, Manyara, Seronera kule Serengeti, Pemba. Nawaunga mkono kwa moyo wote, maana leseni isiyokupeleka mahali hudumaa. Nimeyafupisha maswali, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Nina leseni tangu mwaka huu, niko Dar es Salaam. Nataka kumpeleka mke wangu Mafia tulale usiku mmoja. Nianzie wapi?

Anzia kwenye simu, kaka. Kabla hujakunjua ramani, tafuta namba ya uwanja wa Kilindoni uzungumze na msimamizi. Muulize njia ya kurukia ikoje leo, uwanja unafungwa saa ngapi, ndege italala wapi, na kama kamba na vigingi vipo au uje na vyako. NOTAM, yaani matangazo rasmi kwa marubani, utazisoma, hilo ni lazima, lakini tangazo rasmi haliwezi kujua kila kilicholetwa na mvua ya jana usiku. Aliyepita pale asubuhi ndiye anajua. Tena akishakusikia sauti, siku ya siku anakutarajia, na ukichelewa kuna mtu atakayejiuliza uko wapi.

Baada ya hapo fikiria maji. Kutoka Dar hadi Mafia ni kama maili 70 za baharini kwa mstari ulionyooka, na mstari huo unakuacha juu ya bahari kwa muda mrefu. Mimi ningefuata pwani kuelekea kusini hadi delta ya Rufiji, ndipo nivuke mlango wa bahari pale ulipo mwembamba, kama kilomita 20 hivi. Piga hesabu pamoja nami. Cessna 172 iliyozimikiwa injini, hewa ikiwa tulivu, huteleza kama maili moja na nusu ya baharini kwa kila futi 1,000. Katikati ya mlango uko kilomita 10 kutoka nchi kavu, yaani maili hizo tano na nusu. Ukivuka kwa futi 5,500, ambacho ni kimo cha kawaida kwa anayeelekea kusini mashariki kwa kuona kwa macho, unafika ufukweni na akiba unayo. Ukivuka kwa futi 1,500 ili mama aone pomboo, hufiki.

Jaketi za kuokolea mvae kabla ya kuruka. Jaketi iliyotupwa kiti cha nyuma huipati ndege ikishaingia maji. Na mwonyeshe mke wako kwamba haijazwi upepo mpaka awe ametoka nje, kwa sababu iliyojaa ndani ya ndege humbana mtu kwenye dari asiufikie mlango. Msimu wa kusi bahari ile huchafuka, kwa hiyo sikiliza utabiri wa upepo na wa mawimbi, yote mawili.

Niliandika 0400 kwenye mpango wa safari. Nilipofika uwanjani saa 4 asubuhi nikaambiwa mpango umeshapitwa. Kwa nini?

Kwa sababu mpango wa safari husomwa kwa saa za dunia, UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu. 0400 ni saa 1 asubuhi kwetu. Walikusubiri alfajiri, wewe bado unakunywa chai.

Shida yetu ni kwamba tunaishi na aina tatu za saa kwa mpigo: ya mdomoni, ya kwenye simu, na ya kwenye fomu. Iko njia rahisi ya kuvuka moja kwa moja. Kwa saa za mchana, chukua saa ya Kiswahili uongeze tatu, umepata UTC. Saa 1 asubuhi ni 0400, saa 4 asubuhi ni 0700, saa 9 alasiri ni 1200, saa 12 jioni ni 1500. Haina haja ya kupitia saa ya simu. Saa 12 asubuhi ihesabu kama sifuri, utapata 0300. Usiku hesabu hii haifanyi kazi, ila kwa viwanja tunavyovizungumzia hapa usiku hupaswi kuwa angani.

Na hapo nasisitiza. Pwani yetu jua huzama kati ya saa 12 na dakika chache na saa 1 kasoro, mwaka mzima, na giza halichukui hata nusu saa kukamilika. Viwanja vidogo vingi havina taa. Msimamizi akikwambia "tunafunga saa 12", panga magurudumu yaguse ardhi saa 11, ili upepo wa mbele ukikuchelewesha uwe umechelewa ndani ya mwanga.

Ndege yetu ikiwa na watu wanne inanyanyuka vizuri Zanzibar. Arusha, saa 8 mchana, ilitambaa mpaka nikaingiwa na hofu. Fundi anasema injini ni nzima. Kuna nini?

Fundi wako yuko sahihi, dada, na hofu yako pia ilikuwa sahihi. Zanzibar uko usawa wa bahari. Uwanja wa Arusha uko kama futi 4,550 juu yake. Kwa kimo hicho, joto ambalo vitabu vya ndege hulichukulia kuwa la kawaida ni nyuzi 6 hivi. Mchana wa Arusha ukifika nyuzi 28, umezidi kwa 22, na kila nyuzi moja ya ziada ni kama kuipandisha ndege futi 120 zaidi. Ukijumlisha, injini na mabawa yanafanya kazi kana kwamba uwanja uko zaidi ya futi 7,000. Injini ya kawaida isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hapo imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Propela inashika hewa nyepesi, bawa nalo linashika hewa nyepesi. Watu wanne ni walewale.

Kuna kitu kimoja ambacho marubani waliojifunzia pwani hukisahau: kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa kabla ya kuruka. Ukisukuma mkono wa mchanganyiko mpaka mwisho kama ulivyozoea Zanzibar, unaimwagia injini mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na unapoteza hata ile nguvu iliyobaki. Fuata kitabu cha ndege yako. Kwa Cessna nyingi za aina hiyo, ukiwa juu ya futi 3,000 unafungua moto wote, yaani nguvu zote za injini, ndege ikiwa imesimama, kisha unarudisha mkono taratibu hadi mizunguko ifike kileleni, halafu unaongeza mafuta kidogo.

Kutua nako kunabadilika. Kipimo cha mwendo kitakuonyesha noti 60 zilezile, yaani maili 60 za baharini kwa saa, na noti 60 hizo ndizo uzifuate, lakini kwa uhalisia unapita juu ya ardhi kwa noti 66 au 67. Macho yatakwambia unakimbia mno, na utashawishika kuvuta pua juu. Usiamini macho, amini kipimo, na ujue utahitaji njia ndefu zaidi kusimama.

Ushauri wangu kwa Arusha na kwa Manyara, ambako uwanja uko kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya futi 4,000 juu ya usawa wa bahari: ruka saa 1 au saa 2 asubuhi. Ikibidi mchana, acha abiria mmoja au nusu ya mafuta, hata kama ni safari mbili. Na kabla ya kuachia breki, chagua alama pembeni mwa njia, katikati yake kabisa. Ukifika hapo bila kupata asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyukia, funga moto usimame. Uamuzi huo ufanye ukiwa bado umeegesha, maana ukishaanza kukimbia, tamaa ya kuruka ni kubwa kuliko hesabu.

Naenda Tabora. Mtu ana pipa la avgas, petroli ya ndege ndogo, limekaa uwanjani kwa muda na ananiuzia. Ninunue?

Kwanza uwe na hakika ni avgas. Viwanja vidogo vyetu vingi havina mafuta kabisa, na vyenye mafuta mara nyingi vina Jet A-1, kwa sababu ndege za abiria aina ya Caravan zinakunywa hayo. Jet A-1 ni ndugu wa mafuta ya taa. Ukiitia kwenye injini yako ya pistoni, itawaka kwa avgas iliyobaki kwenye mabomba, pengine itakufikisha hewani, kisha itazima.

Chota kidogo kwenye chupa ya kioo, uinue kwenye mwanga. Avgas ya 100LL ni ya buluu hafifu. Jet A-1 haina rangi au ina unjano kama wa majani makavu. Mchanganyiko wa hayo mawili ni mgumu kuutambua kwa macho, kwa hiyo dondosha matone kwenye karatasi nyeupe usubiri. Avgas huyeyuka ikaondoka. Jet A-1 huacha duara la mafuta, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Nusa pia, harufu ya taa kila mtu aliyekulia nyumba ya kibatari anaijua.

Pili, angalia pipa limekaaje. Lililosimamishwa wima kwenye mvua hukusanya maji juu ya kifuniko, na usiku likipoa hunyonya maji hayo kupitia kizibo hata kama kimekazwa. Pipa la kuaminika lina lakiri yake, tarehe inasomeka, na limelazwa au limeinamishwa. Ukishalisimamisha, liache litulie ili maji na kutu vishuke, na bomba la kunyonyea lisifike chini kabisa. Unganisha waya kati ya pipa, pampu na ndege kabla hujafungua chochote, na chuja kwa kichujio kinachozuia maji. Funeli ya plastiki ya jikoni hapana, inazalisha cheche. Mkimaliza, subiri, kisha chota chini ya kila bawa na kwenye kichujio cha injini. Maji utayaona chini ya chupa, yamejikusanya kama shanga.

Kama lolote kati ya hayo lina mashaka, acha pipa. Ndiyo maana napenda kubeba mafuta ya kwenda na kurudi kila uzito unaporuhusu, na uzito ukikataa napanga kituo cha njiani chenye avgas niliyoithibitisha kwa simu.

Seronera: nikikuta wanyama njiani nifanye nini? Na usiku ndege iko salama?

Pita kwanza juu ya njia yote, chini kidogo, bila kutua, uangalie na uwafukuze kwa mlio. Nyumbu na swala hukimbia kisha hurudi, kwa hiyo mzunguko wako wa pili uwe mfupi. Pita ukiwa na mwendo wa kutosha, na ukumbuke uko juu ya futi 5,000, ndege haitapanda haraka.

Usiku, fisi hutafuna matairi. Marubani wa mbugani huzungushia magurudumu matawi ya miiba, nawe fanya hivyo au muombe mlinzi akusaidie. Mdudu ninayemhofia zaidi ya fisi ni nyigu. Anaweza kujenga kwa udongo ndani ya mrija wa kipimo cha mwendo kwa muda mfupi tu, nawe utagundua unakimbia njiani huku sindano haijanyanyuka. Funika mrija mara tu unapozima injini. Asubuhi ondoa kifuniko, na uchungulie pia chini ya boneti, ndege wa porini wanapenda joto la injini.

Nina ndege yenye usajili wa 5Y, yaani wa Kenya, niko Mombasa. Naweza kwenda Pemba moja kwa moja?

Pemba ni karibu, lakini ni nchi nyingine. Kutua kwako kwa kwanza kuwe kwenye uwanja wa kuingilia wenye uhamiaji na forodha, kwa mfano Abeid Amani Karume, Zanzibar, na kibali uwe umekipata kabla. Kutoka Mombasa nako unaaga rasmi. Leseni yako ya Kenya inakutosha kwenye 5Y yako. Ukiazima ndege ya 5H, yaani ya Tanzania, unahitaji TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, waithibitishe leseni hiyo kwanza.

Uwanja ninaokwenda hauna mnara wa kuongozea ndege. Nikishatua, nani anajua nimefika?

Hakuna, mpaka wewe useme. Kwenye mnara, muongoza ndege hukufungia mpango wako. Pasipo mnara, mpango unabaki wazi, na nusu saa baada ya muda uliotaja kufika, walio kazini wanaanza kukutafuta: wanapiga simu viwanja vya jirani, wanaita ndege zilizo angani. Ukinywa soda yako kivulini, unawatoa watu kwenye kazi zinazomhusu mwingine ambaye huenda kweli ameanguka.

Kwa hiyo chukua namba ya simu ya kufungia mpango kabla hujaondoka, iandike kwenye karatasi ya safari, maana simu inaweza kuisha chaji. Uliza pia kama mtandao unashika pale uwanjani. Kama haushiki, wakati bado uko juu na redio inasikika, waambie waongozaji kwamba uwanja unauona na unakwenda kutua, na muombe rubani yeyote anayeondoka pale awafikishie taarifa. Kisha mwachie mtu mmoja nyumbani saa ya kufika na namba ya msimamizi wa uwanja, na umpigie huyo kabla hujashusha mizigo.