Kiko kinachounguza ulimi

Ndugu, umeuliza kwa nini kiko kinakuunguza ulimi na kukoroma majimaji. Tumbaku yako ina unyevu mwingi, nawe unavuta kwa pupa. Mvuke wa moto ndio unaounguza. Kwa hewa ya Dar, hasa masika, tandaza tumbaku kwenye karatasi mpaka ukiibana kwa vidole isigandamane, ila isivunjike. Jaza kiko kwa awamu tatu: chini legevu, katikati wastani, juu ikaze. Ukinyonya kabla ya kuwasha, iwe kama kunyonya soda kwa mrija. Washa, shindilia taratibu, washa tena. Usichomoe kipande cha mdomoni kiko kikiwa moto, kiungio kitavunjika. Tumbaku unayowauzia wateja itunze kwenye chupa za kioo zenye mfuniko wa kubana, la sivyo itaota ukungu. Na wateja waambie ukweli: hata usipomeza moshi, saratani ya kinywa ipo.