Usijumlishe maji ya mto na ya kisima kabla hujasoma hii

Juzi kijana mmoja wa hapa Malindi kaniandikia inboksi, eti kapewa kazi ya kupiga hesabu ya maji ya bonde la Athi mpaka Sabaki, sasa aanze na programu ya WEAP ama MODFLOW? Nikacheka, manake hilo hilo ndo swali nililoanza nalo mimi na likanila miezi mizima. Programu si shida jamani. WEAP ni nzuri ukitaka kuona nani anachota wapi na nani atangulie kupewa, MODFLOW ni ya maji yanavyotembea chini ya ardhi, na kama ndo kwanza unaanza hata Eksel yatosha. Shida ni kile unachokiingiza.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya kikundi cha wakulima kando ya Sabaki, watu wa nyanya na matikiti. Nikaweka safu ya maji ya mto, nikaweka safu ya maji ya visima, nikajumlisha, maji yakatoka mengi mpaka nikawaambia hata mkiongeza shamba hamna neno. Sasa pale palikuwa na mzee alinda mashine, kachomeka kijiti cha mwarobaini kwenye kidimbwi pembeni ya mto, kakitia alama kwa panga, akanambia "mwanangu, ukiwasha pampu ya kisima asubuhi, alasiri hapa pameshuka kidole." Nikamwambia naam mzee, kwa adabu zote, afu nikarudi zangu kwa laptopu. Ikafika Februari, jua la kaskazi, mto umebaki vijito viwili vitatu katikati ya mchanga, na visima navyo vinakohoa hewa na matope. Kumbe nilihesabu maji yale yale mara mbili!

Kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto ni mto huo huo, ila umefunikwa. Ukipiga pampu kwanza unakula akiba iliyo kwenye mchanga, kisha pole pole unauvuta mto wenyewe ama unayakata maji yaliyokuwa yakienda mtoni. Kisima kikiwa karibu utaona kwa siku chache, kikiwa mbali ni miezi, kwa hiyo hata ukizima pampu leo mto haurudi leo. Na usidhani hili ni la wakulima tu, maji tunayokunywa Malindi, na Mombasa pia, yatoka visima vya Baricho, kwenye mchanga wa Sabaki hii hii. Kwenye modeli basi, yaani hiyo hesabu ya kompyuta inayoiga mto, mto na mchanga viunganishe, viwe vinapeana maji kila hatua ya hesabu, la sivyo utawaahidi watu maji hewa.

Mipaka pia ilinitoa jasho. Nilichora bonde kwa kufuata vilele vya milima kama tulivyofundishwa, lakini maji ya chini hayajui kilele. Chukua vilima vya Chyulu, kule juu hakuna mto wa kudumu, mvua inazama yote kwenye mawe ya volkano inakwenda kuibukia chemchemi za Mzima, ndo hizo zinaingia mto Tsavo, na Tsavo ikikutana na Athi ndo tunapata Galana, ambayo huku kwetu ni Sabaki. Na Nairobi je? Sehemu kubwa ya maji yao yatoka bwawa la Ndakaini, upande wa mto Tana, wakishayatumia yanateremka kwenye Athi. Yaani kiangazi sehemu ya mto wetu ni maji ya Tana yaliyopita vyooni Nairobi, samahani kama unakula. Modeli yenye mvua peke yake haiwezi kuyaona hayo.

Wastani wa mwaka nao utupilie mbali. Ukichanganya mafuriko ya El Niño ya 1997 na kiangazi utapata mto ambao haujawahi kuonekana na mtu. Fanya kwa mwezi angalau, kwa siku kama data ipo, kisha tafuta kile kiasi ambacho mto haushuki chini yake siku 95 kati ya 100, hicho kiache mtoni usikigawe. Na angalia yuniti bana, mita 1 ya ujazo kwa sekunde ni mita za ujazo 86,400 kwa siku, nishawahi kukosea hapo mbele ya watu.

Ukifika huku pwani kabisa kuna jengine. Nilipima kisima Mambrui asubuhi, narudi jioni maji yamepanda, nikaandika kwa furaha kwamba ardhi inajijaza. Bi mkubwa mwenye nyumba akaniangalia tu, "leo bamvua mwanangu, bahari ikijaa na kisima chapanda." Tangu siku hiyo naandika saa na hali ya maji, kujaa ama kupwa, kila nikishusha kamba. Napima na chumvi pia, manake maji ya pepo, yaani yasiyo na chumvi, huku yanaelea juu ya maji ya bahari, na kwa makadirio ya kawaida kila mita 1 ya maji hayo iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini yake. Ukishusha nusu mita kwa pampu, chumvi mwishowe yaweza kupanda mita 20. Hapo kisima hakijakauka, kina maji tele, ila chai haiyataki.

Huyo kijana nimemwambia laptopu aiache nyumbani. Jumamosi aje na kamba na viatu vya matope, tuna visima sita vya kupima kabla bahari haijaanza kujaa.