Mvua Inakuja Kila Mwaka, Mbona Pesa Yake Ni ya Dharura?

SWALI: Mhariri habari ya kazi. Mimi ni mama wa duka huku Budalang'i. Mto Nzoia ukivunja kingo tunahama na magodoro kichwani, halafu tukiuliza usaidizi tunaambiwa tungoje kuna bajeti ya ziada inaandaliwa. Si bajeti ilishasomwa Juni, tukamwona waziri na ule mkoba wake kwa TV? Hii ya ziada inatoka wapi na ni nani anaikubali? Na kama mafuriko yanarudi kila mara, mbona yanaitwa dharura?

JIBU: Mama, hilo swali la mwisho ndilo lenye mwiba, nitalifikia, nivumilie kidogo.

Mwaka wa serikali ya Kenya unaanza Julai 1 unaisha Juni 30, kwa hivyo pesa ya mvua ya Aprili ilipigiwa hesabu na watu waliokaa mezani Nairobi karibu mwaka mzima kabla, na lazima wakosee mahali, hapo sina ugomvi nao. Katiba ya 2010 ililijua hilo ikaacha milango miwili.

Mlango mdogo uko kifungu cha 208, ni mfuko wa dharura wa taifa. Waziri wa fedha anaweza kuchota humo kabla hajaenda bungeni, ila jambo liwe la haraka, liwe halikutarajiwa, na liwe linatishia maisha ya watu au mazingira, kisha ndani ya miezi miwili apeleke maelezo Bungeni. Sheria ya fedha za umma ya 2012 ilisema mtaji wa mfuko usipite shilingi bilioni 10. Najua kwa mtu wa duka bilioni 10 ni pesa haina mwisho, lakini bajeti ya 2024/25 ilikuwa karibu trilioni 4, sasa piga hesabu, ni kama mtu wa mshahara wa elfu 40 aweke mia moja kwenye kopo aseme hii ni ya mtoto akiugua usiku. Mia moja! Hata bodaboda ya kwenda hospitali na kurudi haitoshi.

Ndio maana mlango unaotumika sana ni ule mkubwa, kifungu cha 223. Hapa serikali inaruhusiwa kutumia kwanza na kuomba ruhusa baadaye, yaani fungu fulani limepungukiwa ama kumetokea hitaji ambalo halikuwekewa kitu, pesa inatoka, halafu ndani ya miezi miwili tangu itoke ya kwanza Bunge liombwe likubali, na ombi hilo ndilo hiyo bajeti ya ziada. Kiwango ni asilimia 10 ya pesa Bunge lilipitisha mwaka huo. Kuzidi hapo ni mpaka Bunge liseme ndio kukiwa na sababu maalum.

Mlango mkubwa hivyo kila mtu anataka kupitia, hata asiye na mgonjwa. Mwanzoni mwa 2023 Mdhibiti wa Bajeti Margaret Nyakang'o, ambaye bila saini yake pesa haitoki, aliwaambia wabunge kwamba alishinikizwa aidhinishe bilioni 15 kupitia kifungu hichohicho siku chache tu kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022. Mafuriko gani hayo ya siku ya kura, sijui wewe unaonaje.

Sasa inatoka wapi. Hapa jina "ziada" linadanganya watu sana, maanake serikali haina shamba la noti, ni kukopa ama kunyofoa kwingine. Juni 26, 2024, baada ya vijana kujaa barabarani, Rais Ruto alikataa kutia saini mswada wa fedha, ule wa kuongeza kodi, na papo hapo bajeti ikabaki na tobo la bilioni 346. Julai akatangaza tutapunguza bilioni 177 na kukopa 169. Bajeti ya ziada iliyofuata kazi yake kubwa ilikuwa kukata.

Ukishika kile kitabu cha makadirio ya ziada usitishwe na unene. Kila fungu lina kilichopitishwa mwanzo, kilichobadilika na kinachobaki. Wengi wanakimbilia walioongezewa, mimi nasoma waliopunguziwa, zile tarakimu zenye alama ya kutoa. Mara nyingi utakuta ni maendeleo, juu mshahara ukikatwa kuna mgomo na deni lisipolipwa kuna aibu ya kimataifa, lakini barabara ya udongo haigomi.

Na tuta la mto pia haligomi. Tuta ni maendeleo, blanketi ndio dharura, kwa hivyo mwaka wa kiangazi tuta linanyofolewa kimyakimya, mvua ikija blanketi zinanunuliwa mbio kupitia mlango mkubwa na kamera zikiwepo. Sheria inasema jambo lisilotarajiwa. Mvua ya masika watu wa hali ya hewa wanaitangaza redioni kabla haijaanza.

SWALI: Na gavana naye ana kopo lake? (Huyohuyo mama wa Budalang'i)

JIBU: Sheria inamruhusu, mama, kaunti inaweza kuwa na mfuko wa dharura, ila kwa mwaka isitoe humo zaidi ya asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia yaliyokaguliwa. Kaunti nazo zina bajeti ya ziada, inapitishwa na MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi, na wenzake. Wakiitisha kikao cha maoni ya wananchi nenda, hata kama ni siku ya soko, uwaulize tuta liko ukurasa gani. Wakikwambia hilo ni la serikali kuu, sawa, andika jina la aliyesema hivyo, mbunge wako akija kwa matanga umuulize ukurasa yeye pia.