Kwa anayeanza kufundisha na kutafiti tamthilia ya Ayalandi

Usifungue muhula kwa historia. Wiki tatu zitaishia kwenye njaa ya 1845 na ugomvi wa madhehebu, na darasa halijamsikia mhusika hata mmoja. Anza na Translations ya Brian Friel, iliyochezwa kwanza Derry mwaka 1980. Wape wanafunzi wawili onyesho la Maire, msichana wa Kiayalandi, na Yolland, luteni Mwingereza, katika sehemu ya pili, wasome kwa sauti. Kila baada ya kauli wasimamishe, uliza: mwenzake kaelewa? Masikioni mwetu wote wanatamka Kiingereza, kumbe Maire anasema Kiayalandi na huyo luteni anasema Kiingereza, Kiayalandi akiokoteza majina ya mahali tu. Mwanafunzi asiyeling'amua hilo huona mapenzi ya kawaida, na insha yake huharibikia hapo. Habari za wapima ramani wa jeshi la Uingereza wa 1833, ambao tamthilia inawahusu, wataziulizia wenyewe.

Kwenye utafiti, kinachowaangusha wengi ni toleo. Toleo la Waiting for Godot ya Beckett lililotolewa London mwaka 1956 lilifuata mapunguzo ya ofisi ya udhibiti. Toleo kamili huko lilikuja 1965. Ukilinukuu la 1956 bila kulitaja, msomaji wa jarida atakurudishia makala, na atakuwa na haki. Tena usidhani udhibiti huo ulifika Dublin: mwaka 1909 Abbey, ukumbi wa tamthilia wa Dublin, ilicheza tamthilia ya Shaw iliyokataliwa London, kwa kuwa amri ya ofisi ile haikuvuka bahari.

Nyaraka zimetawanyika. Za J. M. Synge, mwandishi wa tamthilia wa Abbey, nyingi ziko Trinity College, Dublin. Za Beckett, tafuta Chuo Kikuu cha Reading. Za Abbey zilizowekwa kidijitali, Chuo Kikuu cha Galway. Kabla ya kukata tiketi, waandikie wahifadhi ukitaja namba za majalada. Shajara za Joseph Holloway, mtazamaji wa kudumu wa tamthilia Dublin, zilizo Maktaba ya Taifa ya Ayalandi, ni hazina kwa anayetaka kujua ukumbini kulikuwaje usiku fulani, ila mzee huyo hakumpenda Synge hata kidogo. Ghasia za Januari 1907, zilizozuka Abbey ilipochezwa The Playboy of the Western World ya Synge, usizisimulie kwa kalamu yake peke yake. Weka magazeti ya wiki ile kando yake.

Ruhusa za kunukuu ziombe mapema. Synge alifariki 1909, kwa hiyo tamthilia zake ni huru. Beckett alifariki 1989: Ayalandi na Uingereza hakimiliki yake inalindwa hadi mwisho wa 2059, na barua zake ambazo hazijachapishwa zahitaji idhini ya warithi, mbali na ya maktaba inayozitunza.