Insulini huchomwa, dawa ya tezi humezwa: kwa nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu anachoma insulini, na muda si mrefu kipimo kinaonyesha sukari imeshuka. Mimi nameza thairoksini kwa sababu tezi yangu ya shingo ni dhaifu. Hii ni wiki ya pili na uchovu uko palepale. Zote si homoni? Yangu inafanya kazi kweli? (Msomaji, Nyegezi, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inafanya kazi, usiiache.

Ukichemsha sangara, tazama mchuzi: mafuta huelea juu, hayachanganyiki na maji. Seli nayo imezungukwa na utando wa mafuta. Insulini ni protini ya asidi amino 51, huyeyuka kwenye maji, na utando ule haiwezi kuupenya. Hubaki nje na kushika kipokezi kilichochomoza juu ya seli. Hapo upande wa ndani wa kipokezi huamsha protini moja, nayo huamsha nyingine, mpaka milango ya glukosi iliyohifadhiwa ndani ya seli za misuli isogezwe kwenye utando, sukari iingie. Milango ilikuwepo tayari, ndiyo maana ni kazi ya dakika. Adrenalini nayo hubisha hodi nje vivyo hivyo: mtumbwi ukiyumba tu, moyo unakwenda mbio. Na kwa kuwa insulini ni protini, ukiimeza tumbo litaisaga kama samaki yule yule, basi mama hana budi kuchoma.

Thairoksini imetokana na asidi amino na madini joto, lakini (hapa wanafunzi wengi hukosea) haiishii mlangoni. Huvushwa kwenye utando hadi kwenye kiini, ambako kipokezi chake kimekaa juu ya vinasaba, na huko huagiza protini mpya zitengenezwe. Homoni za vidonge vya majira nazo hufanya kazi ndani ya seli, ila zenyewe ni jamii ya mafuta, hupenya bila kuvushwa. Kutengeneza protini huchukua muda. Tena huchukua kama siku 7 kwa nusu ya thairoksini uliyomeza kuisha mwilini, hivyo kiwango chake hupanda taratibu. Ndiyo maana kipimo cha damu hurudiwa baada ya wiki 6 hivi.

Meza asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya madini chuma au kalsiamu viachane nayo kwa saa 4. Naye mama asichome insulini ya chakula kisha akachelewa kula. Akitoka jasho na kutetemeka, mpe maji ya sukari papo hapo, maadamu anaweza kumeza.