Ukungu, kuvu au kuvumwani?

Swali: Natafsiri maelezo ya picha za mimea ya nchi za baridi kwa wanafunzi hapa Dar es Salaam. Picha moja ni ya Racomitrium lanuginosum. Niliandika: "Ukungu wa kijivu unaofunika mawe ya Iceland, wenye asili ya Ncha ya Kaskazini." Mwenzangu amefuta "ukungu" akaweka "kuvu". Nani yuko sahihi? – Msomaji, Sinza

Jibu: Ndugu msomaji, maneno yote mawili yatawapoteza wanafunzi. Ukungu wa kijivu juu ya mawe ya nchi ya baridi, kila mtu ataelewa ni ule unaotanda asubuhi mlimani. Kuvu nayo haijitengenezei chakula, ilhali mmea huu ni wa kijani na hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Andika kuvumwani, yaani mmea mdogo usio na maua unaotanda kama zulia (kwa Kiingereza moss).

Neno hili lina mtego. Silabi -ni ya mwisho ni sehemu ya neno "mwani", si ya mahali kama ilivyo katika "nyumbani". Kwa hiyo "kuvumwani kunaota" ni kosa. Sema kuvumwani hii inaota, kuvumwani hizi zinaota. Wapo wanaolitumia neno hilohilo kwa ule ushirika wa kuvu na mwani unaofanya magamba juu ya mawe; huo uite likeni, usichanganye.

Jina la kisayansi liache lilivyo, kwa herufi za mlazo: Racomitrium kwa herufi kubwa mwanzoni, lanuginosum kwa ndogo. Upatanisho ufuate neno "spishi": spishi hii inaota.

Katika maelezo yenyewe, usiandike mizizi, mbegu wala maua. Kuvumwani ina vijizizi vya kujishikiza tu. Maji hufyonzwa na majani, na mmea huzaana kwa spora, yaani chembe ndogo sana za uzazi. Kijivu unachokiona pichani kinatokana na ncha nyeupe za majani, ndefu kama nywele, na huonekana zaidi mmea ukikauka. Ukilowa, ukijani hurudi.

Kuhusu "Ncha ya Kaskazini", futa kabisa. Hapo ni bahari iliyoganda, hakuna kuvumwani inayoota. Eneo zima la baridi linaloizunguka huitwa Aktiki. Mimi ningeandika: "Kuvumwani ya Aktiki na milima ya baridi, hapa ikiwa imetanda juu ya mawe ya volkeno nchini Iceland."