Vinyumba vya Krismasi vya 120V, usichomeke kwanza!

SWALI: Fundi habari, mamdogo karudi toka Minnesota, Marekani, kaniletea vinyumba sita vya porseleni vya kampuni ya Department 56 pamoja na boksi la mipira ya vioo ya kupamba mti, ya zamani sana, imeandikwa jina la kampuni, Shiny Brite. Kinyumba cha kwanza nilikichomeka kwa adapta, balbu ikawaka mwanga mkali sekunde moja halafu kimya. Ndo kimekufa? Alafu mpira mmoja nimeuosha na maji ya sabuni rangi ikatoka. Nipo Tanga.

JIBU: Pole, ila kinyumba kizima, kilichokufa ni balbu tu. Adapta inabadilisha miguu ya plagi, volti haigusi, kwahiyo balbu ya 120V, umeme wa Marekani, umeilisha 230 ya kwetu na hapo nguvu inapanda karibu mara nne, lazima ipasuke roho. Angalia mgongoni mwa kinyumba utaona tundu, ile waya yenye soketi inaingia pale na kutoka, ndani hamna kingine cha umeme. Sasa usihangaike kutafuta balbu ya 230 uibandike kwenye soketi ileile, soketi hiyo ni ya shingo ya milimita 12 na vibalbu vidogo vya madukani kwetu vingi ni 14, havikai, na watu wanalazimisha kwa koleo mpaka basi.

Nunua transfoma ya kushusha 230 kwenda 110, ya wati 100 inatosha, maana balbu hizo ni wati 7 hivi na sita hazifiki 50. Kwa 110 zitafifia kidogo, lakini zitadumu. Ukitaka rahisi zaidi weka taa ndogo ya LED ya betri kwenye tundu, mimi ndo nafanyaga hivyo, ila waya za asili USITUPE wala kuzikata, wakusanyaji wanataka kinyumba na waya yake na boksi lake.

Mipira sasa. Madini ya fedha yamepakwa kwa ndani, rangi iko nje juu ya kioo na haipendi maji hata kidogo, tumia brashi laini kavu ya kupaka poda basi. Huo uliouosha uache hivyohivyo, ukipaka rangi upya umeuharibu mara mbili. Angalia kofia za juu: zikiwa za karatasi ngumu badala ya bati, na kioo kinaonyesha ndani hakina fedha, una mipira ya wakati wa vita ya pili ya dunia, chuma kilikuwa kinaenda vitani, hiyo itunze kama yai. Na kwa unyevu wa Tanga usiifunge kwenye mfuko wa nailoni, weka boksi kavu na karatasi laini, juu ya kabati sio chini ya kitanda.

Kingine, ukikuta humo nyuzi za kung'aa nzito zinazokunjika zikabaki zimekunjika kama waya wa kuchomelea redio, hizo za zamani zilikuwa na madini ya risasi, zisikae mtini kama kuna mtoto wa kutambaa, na ukizishika nawa mikono.